Mpaka ulipofunguka: Filamu za Ulaya Mashariki na somo kwa mchuuzi wa mpakani

Mapazia yamefungwa. Katika sebule ya ghorofa moja jijini Bucharest, Romania, watu wamebanana kwenye makochi, viti vya kuazima na sakafuni. Kila mmoja ametoa mchango wake kwa mwenye deki. Mlango ukigongwa, sauti ya runinga inapunguzwa na wote wanatulia kama maji ya mtungini. Kwenye kioo, Chuck Norris anapambana na maadui msituni. Lakini sauti inayosikika si yake. Ni sauti ya mwanamke mmoja, nyembamba na ya haraka, inayosema maneno ya shujaa, ya jambazi, ya mtoto na ya bibi harusi.

Hiyo ndiyo hali inayosimuliwa katika "Chuck Norris vs Communism", filamu ya hali halisi iliyotengenezwa na Ilinca Călugăreanu na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwenye sauti ni Irina Margareta Nistor, mtafsiri wa televisheni ya taifa aliyekuwa akifanya kazi na wakaguzi wa serikali. Mchana alitafsiri ili wakubwa waamue nini kikatwe. Baada ya kazi alikwenda kwenye nyumba ya mtu, akavaa vipokea sauti na kutafsiri filamu zilizopigwa marufuku. Alitafsiri zaidi ya 3,000. Matusi aliyapunguza makali, kwa kuwa kinywa chake hakikuyazoea.

Msomaji aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Kampala au Dar es Salaam hatashangazwa na sauti moja kubeba filamu nzima. Marehemu Lufufu aliifanya kazi hiyo Tanzania, na VJ Jingo akajipatia jina Uganda. Tofauti ni moja. Katika Bucharest ya miaka ya 1980, sauti hiyo ilikuwa bidhaa ya magendo.

Filamu hii ni moja kati ya nyingi zilizotengenezwa kuhusu maisha kabla na baada ya kuanguka kwa ukomunisti Ulaya Mashariki. Nyingi zinazungumzia marais, majeshi na Ukuta wa Berlin. Lakini zipo chache zinazomtazama mtu wa kawaida, alikula nini, alinunua wapi, na alifanya nini siku mpaka ulipofunguka. Hizo ndizo zinazomhusu mfanyabiashara wa Busia, Rusumo, Mutukula au Namanga.

Kanda zilivyovuka

Romania ya Nicolae Ceaușescu ilikuwa nchi ya foleni. Serikali iliamua kulipa deni lote la nje, na ili kupata fedha za kigeni chakula kikasafirishwa nje huku wananchi wakipimiwa mkate, mafuta na sukari. Umeme ulikatwa mara kwa mara. Televisheni ilirusha matangazo kwa takriban saa mbili tu kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa habari za Ceaușescu na mkewe. Hata mashine ya kuchapa maandishi ilipaswa kuandikishwa polisi.

Mahali penye njaa ya kitu, mchuuzi hatakosekana. Teodor Zamfir ndiye aliyeiona nafasi hiyo. Aliingiza kanda za filamu kutoka nje, akakusanya deki za kurudufia, akamtafuta Nistor wa kuzitafsiri, kisha akazisambaza nchi nzima. Deki moja wakati huo ilikaribia bei ya gari, hivyo aliyekuwa nayo aliigeuza sebule yake kuwa sinema.

Kanda zilipitaje mpakani? Mfanyabiashara yeyote wa eneo hili anaweza kujibu kabla ya kuiona filamu. Maofisa walipata chao, wakafumba macho. Wakubwa nao walizitaka kanda hizo. Mfumo uliokataza bidhaa ulikuwa miongoni mwa wateja wake.

Jambo linalogusa zaidi ni yale ambayo watazamaji wa zamani wanakumbuka leo. Hawazungumzii ngumi peke yake. Wanasema walikuwa wakitazama nyuma ya ngumi, kwenye rafu za maduka zilizojaa, magari barabarani na majokofu yenye chakula. Ceaușescu alizuia magazeti na vitabu, lakini picha ya duka lililojaa ilipita ndani ya filamu ya mapigano. Tarehe 25 Desemba 1989, baada ya siku kadhaa za maandamano na risasi, alipigwa risasi pamoja na mkewe. Watengenezaji wa filamu hawadai kwamba kanda ndizo zilizomwangusha. Wanachoonyesha ni kwamba watu walikuwa wameshalinganisha maisha yao na ya wengine, na hesabu ilikuwa haiwiani.

Nchini Estonia hata mchuuzi hakuhitajika. Filamu ya Jaak Kilmi ya mwaka 2009, "Disko ja tuumasõda", yaani Disko na Vita vya Nyuklia, inaeleza jinsi mawimbi ya televisheni ya Finland yalivyovuka bahari hadi Tallinn, umbali wa takriban kilomita 80. Mafundi wa mtaani walitengeneza vifaa vya kunasia mawimbi. Mtoto wa kaskazini aliyeona tamthilia ya Dallas alimwandikia barua binamu yake wa kusini, ambako mawimbi hayakufika, kumsimulia kilichotokea wiki hiyo. Serikali ya Kisovieti ilikuwa na askari mpakani, lakini askari hazuii hewa.

Mlanguzi jana, mjasiriamali leo

Ili kuzielewa filamu hizi, ni lazima kukumbuka kwamba chini ya ukomunisti biashara ndogo haikuwa tu ngumu. Katika Umoja wa Kisovieti, kununua kitu na kukiuza tena kwa faida lilikuwa kosa la jinai, na aliyekutwa nalo aliweza kufungwa jela. Kazi ambayo maelfu ya watu huifanya kila alfajiri katika mipaka ya Afrika Mashariki, huko iliitwa ulanguzi.

Neno hilo si geni hapa. Mwaka 1983 Tanzania iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa sabuni, vitenge na sukari vichakani wasikutwe navyo. Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo, aliyepitisha dawa ya meno au mafuta ya kupikia kwa njia za panya alikuwa mhalifu. Leo aliye na mzigo uleule ana cheti mkononi.

Urusi iligeuka ghafla zaidi. Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991. Tarehe 2 Januari 1992 serikali iliachia bei, na ndani ya mwaka huo mmoja zikapanda zaidi ya mara 20. Akiba ya wazee ya miaka 30 ikawa haitoshi kununua koti. Mwishoni mwa Januari hiyo hiyo, amri ya Rais Boris Yeltsin iliruhusu watu kuuza bidhaa karibu popote. Watu wakajipanga kandokando ya barabara wakiwa wameshika walichonacho, jozi ya viatu, kopo la nyama, blanketi. Walimu, wahandisi na wauguzi wakawa wachuuzi kwa sababu mshahara haukuja, au ulikuja ukiwa hauna thamani.

Filamu ya "My Perestroika" ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Mmarekani Robin Hessman aliyewahi kuishi na kusoma Moscow, inawafuata watu watano waliokua pamoja katika jiji hilo. Wote walizaliwa katika mfumo mmoja, wakavaa skafu nyekundu za watoto wa chama na kuimba nyimbo zilezile. Mwandishi wa filamu alipata picha walizopigwa na wazazi wao kwa kamera ndogo za nyumbani, hivyo mtazamaji anawaona wakiwa watoto wakicheza kwenye theluji, kisha anawaona wakiwa watu wazima jikoni wakivuta sigara na kukumbuka.

Mfumo ulipoanguka kila mmoja alielekea kwake. Wawili, mume na mke, ni walimu wa historia. Wanafundisha watoto ambao Umoja wa Kisovieti kwao ni hadithi. Mmoja alikuwa mwanamuziki wa punk na hapendezwi na mbio za fedha. Mama mmoja anafanya kazi katika kampuni inayokodisha meza za biliadi kwenye mabaa. Wa tano ana maduka ya mashati ya kiume kutoka Ufaransa, na filamu inamkuta akifungua jingine.

Hapo ndipo filamu inapofanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Haisemi nani ameshinda. Mwenye maduka hajutii yaliyopita na anaishi vizuri. Mama wa biliadi anafanya hesabu za mwezi kwa mwezi. Walimu wana heshima na vitabu vingi katika nyumba ndogo. Mlango ulifunguliwa kwa wote siku moja, lakini hawakuingia na mtaji uleule.

Usiku mmoja, sarafu mpya

Kama kuna kazi moja ya filamu ambayo kila mtunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki angepaswa kuiona, ni "Die Kinder von Golzow", Watoto wa Golzow. Golzow ni kijiji cha iliyokuwa Ujerumani Mashariki, karibu na mto Oder ambao ndio mpaka na Poland. Agosti 1961, wiki chache tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwongozaji kijana Winfried Junge alifika na kamera kuwapiga picha watoto wakicheza kwenye mchanga kabla ya kuanza darasa la kwanza. Nia ilikuwa kuonyesha jinsi mtu mpya wa kisoshalisti anavyokua.

Junge hakuacha. Aliendelea kurudi, baadaye akishirikiana na mkewe Barbara, hadi mwaka 2007. Watoto wakawa vijana, wakaoa na kuolewa, wakapata kazi mashambani, viwandani na jeshini, wakazaa, wakazeeka. Nchi iliyoagiza filamu ikafa mwaka 1990. Studio ya serikali iliyogharamia filamu ikauzwa mwaka 1992. Kamera ikabaki.

Kwa mfanyabiashara, tarehe ya kukumbuka katika habari ya Ujerumani si 9 Novemba 1989, siku Ukuta ulipofunguka. Ni 1 Julai 1990. Siku hiyo, miezi mitatu kabla ya nchi mbili kuungana rasmi, Ujerumani Mashariki ilianza kutumia sarafu ya Magharibi. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja. Akiba ilibadilishwa moja kwa moja hadi kiwango fulani, ambacho kwa watu wengi kilikuwa marki 4,000, na iliyozidi ikakatwa nusu.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Fedha waliyoiona kwenye matangazo ya televisheni ya ng'ambo sasa ilikuwa mfukoni. Lakini maduka yalipofunguliwa, rafu zilikuwa zimejaa bidhaa za Magharibi. Maziwa, soseji na mboga za mashamba ya jirani zilikosa nafasi. Bonde la Oder, ambalo kwa miaka mingi liliilisha Berlin mboga, likajikuta halina mnunuzi. Viwanda navyo vikabanwa pande mbili. Vilipaswa kulipa mishahara kwa sarafu ngumu, na wateja wao wa zamani, yaani Wasovieti, Wapoland na Wahungari, hawakuwa na sarafu hiyo ya kulipia. Kufikia mwaka 1991 uzalishaji wa viwanda vya mashariki ulikuwa chini ya nusu ya ule wa mwaka 1989. Shirika la serikali lililopewa kazi ya kuuza mali za umma lilirithi takriban kampuni 8,500 zenye wafanyakazi wapatao milioni nne, na likamaliza kazi yake mwishoni mwa mwaka 1994.

Katika filamu za baadaye, mtazamaji anakutana tena na nyuso alizozijua tangu mchangani, sasa zikiwa na mvi, zikieleza kazi iliyokwisha na mafunzo mapya wanayosomea wakiwa na miaka 40. Hawasemi kwamba wanataka ukuta urudi. Wanachouliza ni kwa nini kila walichokifahamu kilihesabiwa kuwa hakina thamani kwa usiku mmoja.

Swali hilo lina uzito hapa. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, na safari ya kuelekea sarafu moja imekuwa ya polepole. Wachuuzi wanaopoteza fedha kila siku kwa kubadilisha shilingi kuwa faranga na faranga kuwa shilingi wana sababu ya kulalamika. Lakini Golzow inaonyesha upande wa pili. Sarafu moja humsaidia aliye na bidhaa inayoweza kushindana asubuhi ile ile inapoanza. Aliye bado kujiandaa hupata fedha nzuri na kuitumia kununua vya mwenzake.

Uwanja uliogeuka soko

Warsaw, mji mkuu wa Poland, ulikuwa na uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1955 kusherehekea miaka kumi ya utawala wa kikomunisti. Uwanja ulichakaa, na mwaka 1989, mfumo ulipokuwa ukibomoka, wachuuzi wakauingia. Kuta zake za mzunguko zikawa moja ya masoko makubwa ya wazi barani Ulaya. Likaitwa Jarmark Europa, Gulio la Ulaya. Waliuza Wapoland, Warusi, Waukraine, Wavietnamu, na hata Waafrika.

Mjerumani Minze Tummescheit alilifanya soko hilo kuwa filamu ya mwaka 2004 yenye jina hilohilo. Mhimili wake ni wachuuzi wa masanduku kutoka nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti. Warusi waliwaita wachuuzi hao kwa neno la chombo cha mfumaji kinachopita kwenda na kurudi kati ya nyuzi. Wapoland waliwaita sisimizi. Mzigo wao ulikuwa kwenye yale mabegi makubwa ya miraba ambayo Tanzania huitwa "shangazi kaja". Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi walikuwa na vyeti vya vyuo nyumbani.

Kinachowakuta katika miaka hiyo ni jambo ambalo mchuuzi wa mpakani analijua kwa uchungu. Poland ilikuwa ikijiandaa kujiunga na Umoja wa Ulaya, na ilijiunga tarehe 1 Mei 2004. Sharti mojawapo lilikuwa kulinda mpaka wake wa mashariki. Tangu 1 Oktoba 2003, Warusi, Wabelarusi na Waukraine walihitaji viza. Mpaka wa magharibi wa Poland ulifunguka kuliko wakati wowote, na wa mashariki ukabana. Aliyekuwa akipita na begi kila mwezi sasa alisimama kwenye foleni ya ubalozi akiwa na fomu.

Jambo hilo halitokei Ulaya tu. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Nchi zote mbili zilikuwa wanachama wa jumuiya moja, yenye itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Walioumia kwanza hawakuwa wenye malori, ambao waliweza kuzunguka kupitia mpaka mwingine. Ni wale waliokuwa wakivuka kwa miguu na kikapu cha viazi au nyanya.

Cha kutazama, cha kuuliza

Filamu hizi si kitabu kitakatifu. Ile ya Romania ina sehemu zilizoigizwa upya kwa kutumia waigizaji. Ile ya Golzow ilianza kwa matakwa ya serikali, na katika miaka ya mwanzo kuna mambo ambayo watu hawakuweza kuyasema mbele ya kamera. Kila mwongozaji alichagua nani aongee na nani akatwe. Mtazamaji mwerevu huzipima kama anavyopima mahindi, hatosheki na gunia la juu.

Hata hivyo, zikiwekwa pamoja, zinakubaliana katika jambo moja. Mpaka hufunguliwa kwa siku moja, kwa saini na picha za viongozi wakishikana mikono. Mchuuzi ndiye wa kwanza kuvuka, mara nyingi alikuwa amevuka kabla ya saini. Lakini kanuni mpya zinapokuja, viza, vipimo, vyeti na majengo ya kisasa, yeye ndiye wa kwanza kuachwa nje iwapo hakuzijua mapema au hakuwa na wa kumsemea.

Ndiyo maana mambo yanayoonekana madogo yana maana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kinachomwezesha mchuuzi kupitisha bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya jumuiya bila ushuru wa forodha. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vya Busia, Namanga na Rusumo, vimejengwa ili mtu akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Anayeijua haki hiyo hupita mlangoni. Asiyeijua huendelea kulala na kuamka kwenye njia ya panya, akilipa pasipo na risiti.

Soko la Warsaw lilifungwa mwishoni mwa muongo huo na uwanja wa zamani ukabomolewa. Mahali pake pakajengwa Uwanja wa Taifa, na tarehe 8 Juni 2012 Poland na Ugiriki zikafungua hapo mashindano ya Ulaya kwa sare ya bao 1-1. Waliokuwa wakitandaza bidhaa kwenye ngazi zile wakatawanyika, wengine kwenye masoko ya pembeni, wengine wakarudi kwao. Anayetaka kuwaona leo atawaona kwenye filamu.

Katika miji ya mpakani ya Afrika Mashariki bado wapo wazee wanaokumbuka miaka ya 1977 hadi 1983, nani alipitisha nini, kwa njia ipi, na ilimgharimu kiasi gani. Simu zenye kamera zimejaa mikononi mwa wajukuu wao. Winfried Junge alianza na watoto wachache kwenye mchanga wa kijiji kimoja, akarudi mwaka baada ya mwaka.